Mabaka ya jua usoni: Mimea ina nguvu gani?

Kama una mabaka meusi mashavuni, kwenye paji la uso au juu ya mdomo, na umeona kwamba hukolea miezi ya Januari na Februari jua linapowaka na kufifia kidogo wakati wa baridi ya Julai, soma makala haya kabla ya kununua kitu chochote cha kupaka. Watu wengi mjini hudhani wana njia mbili tu: krimu kali zinazouzwa vichochoroni, au ndimu ya jikoni. Zote mbili zimewaharibu watu nyuso, na ya kwanza imewaharibu wengine figo.

Iko njia ya tatu, nayo ni kutumia kemikali asilia za mimea ziitwazo antioksidanti. Njia hii husaidia, ila polepole na kwa masharti. Anayekuahidi uso mpya kwa siku saba anataka pesa zako.

NGOZI HUFANYA NINI JUANI?

Rangi ya ngozi yako hutokana na melanini, ambayo hutengenezwa na seli maalumu zilizo chini kidogo ya tabaka la juu la ngozi. Melanini ni mwavuli wako. Miale ya jua inapopenya, seli hizo hupokea amri ya kutengeneza rangi zaidi ili kulinda kiini cha seli nyingine kisiharibiwe. Kazi hiyo huanzishwa na kimeng'enya kiitwacho tirosinasi. Kimeng'enya hiki kikizuiwa, melanini hupungua.

Miale hiyo pia huzaa ndani ya ngozi chembe zenye vurugu ziitwazo radikali huru. Hizi ni molekuli zilizopungukiwa na elektroni, kwa hivyo huzinyang'anya molekuli za jirani na kuacha uharibifu zinakopita. Ngozi huona uharibifu huo kama hatari na kuongeza rangi tena. Kwa mtu mwenye mabaka, seli za rangi za sehemu hizo zimekuwa nyepesi mno kushtuka. Jua kidogo tu, nazo zinafanya kazi kama kiwanda cha zamu ya usiku.

Antioksidanti ni molekuli inayokubali kutoa elektroni yake ili kutuliza vurugu hiyo. Mimea imejaa kemikali hizi kwa sababu nayo hushinda juani mchana kutwa na haina mahali pa kukimbilia.

Unaweza kuona jambo linalokaribia hili jikoni. Menya kiazi ukiache dakika chache, nacho kitageuka rangi na kuwa cha hudhurungi. Kimeng'enya kinachofanya hivyo ni ndugu wa tirosinasi ya ngozi yako. Kamulia ndimu juu ya kiazi hicho, na weusi hautatokea upesi, kwa sababu asidi na vitamini C ya ndimu hukizuia kimeng'enya. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Wanasema, kama ndimu imezuia weusi wa kiazi, basi itaondoa weusi wa shavu. Tutarudi kwa ndimu baadaye, maana ina kisa chake.

JUA LA NAIROBI SI LA KUCHEZEWA

Mkazi wa Nairobi huweza kudhani jua la Mombasa ndilo kali kwa kuwa Mombasa kuna joto. Joto na miale ya urujuanimno ni vitu viwili tofauti. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Tena tuko karibu na ikweta, ambapo jua la adhuhuri hukaa karibu juu ya utosi mwaka mzima. Unaweza kusikia baridi shingoni huku uso wako unachomwa.

Miale hiyo iko ya aina mbili kuu inayotufikia. UVB ndiyo inayobabua ngozi, na kioo huizuia. UVA huingia ndani zaidi na hupita kwenye vioo vya kawaida vya dirisha. Mwaka wa 2012 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani aliyekuwa na umri wa miaka 69. Baada ya miaka 28 ya kuendesha, upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, ulikuwa umekunjamana kama wa mtu mzee zaidi kuliko upande wa kulia. Kwetu dereva huketi kulia, na dereva wa matatu anayeusoma ukurasa huu anaweza kujitazama kwenye kioo na kulinganisha mashavu yake.

Kwa watu wenye ngozi nyeusi kuna jambo la tatu ambalo halikujulikana vyema zamani. Hata mwanga unaoonekana kwa macho, hasa ule wa samawati, huifanya ngozi yetu iwe nyeusi zaidi kwa muda mrefu. Krimu nyingi nyeupe za kuzuia jua hazizuii mwanga huo. Zinazouzuia ni zile zenye rangi ya ngozi, zilizotiwa oksidi ya chuma, yaani ile rangi ya kutu. Ukienda dukani, itafute ya rangi inayokaribia yako. Itakufaa kuliko nyeupe, na pia haitakuacha na uso wa majivu.

Mabaka yenyewe madaktari huyaita melasma. Huwapata zaidi wanawake, na hasa wakati wa ujauzito au wanapotumia tembe za kupanga uzazi, kwa kuwa homoni huzichochea seli za rangi. Huweza pia kuwa urithi wa ukoo. Mama mjamzito asihangaike upesi, kwa sababu mara nyingi mabaka hayo hufifia miezi kadhaa baada ya kujifungua.

MIMEA ILIYOPIMWA

Tuanze na vitamini C, ambayo ndiyo antioksidanti iliyochunguzwa zaidi. Mbali na kutuliza radikali huru, huingilia utengenezaji wa melanini katikati ya safari yake na kuurudisha hatua moja nyuma. Mwaka wa 2004 madaktari wa Mexico walichapisha jaribio dogo lakini lenye mafunzo. Wanawake 16 wenye melasma walipaka krimu ya vitamini C ya asilimia 5 upande mmoja wa uso, na upande wa pili haidrokwinoni ya asilimia 4, ambayo ni dawa kali ya kupunguza weusi. Wote walitumia kinga ya jua kila siku. Baada ya majuma 16, upande wa haidrokwinoni ulipata matokeo mazuri kwa asilimia 93 yao, na upande wa vitamini C kwa asilimia 62.5. Kufikia hapo utasema haidrokwinoni imeshinda. Lakini upande wa haidrokwinoni uliwasumbua kwa mwasho na wekundu asilimia 68.7 yao, na upande wa vitamini C asilimia 6.2 pekee, yaani mwanamke mmoja.

Kwa maoni yangu, hayo ndiyo mapatano ambayo mtu mwenye busara angeyakubali: matokeo ya chini kidogo kwa usumbufu mdogo zaidi. Lakini ona pia kwamba hata vitamini C ilichukua majuma 16, na kila mmoja alijikinga na jua.

Vitamini C ina udhaifu wake. Huharibika haraka ikikutana na hewa na mwanga. Ndiyo sababu hutiwa kwenye chupa nyeusi, na ukiona maji yake yamegeuka rangi ya chai nzito, jua imekufa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani walionyesha mwaka wa 2005 kwamba ikichanganywa na vitamini E na asidi ya feruliki, ambayo hupatikana katika kumvi za mpunga na nafaka nyingine, hudumu zaidi na kinga yake dhidi ya miale huongezeka maradufu.

Mmea wa pili ni urukususu, mzizi mtamu ambao watu wa Pwani huujua kwenye maduka ya viungo na dawa za kienyeji. Ndani yake mna kemikali zinazozuia tirosinasi na nyingine zinazotawanya melanini iliyokwisha kujikusanya. Nchini Misri, mwaka wa 2000, wanawake 20 wenye melasma walipaka krimu ya kemikali moja ya mzizi huu upande mmoja wa uso kwa majuma manne, na wengi wao walipata nafuu kubwa upande huo. Wanawake 20 ni wachache na majuma manne ni muda mfupi, lakini ni mwanzo mzuri, na siku hizi utaona jina la mmea huu kwenye krimu nyingi halali. Usije ukafikiri basi unywe mzizi huo kila siku. Ukinywewa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu na kupunguza potasiamu mwilini, na mwenye presha anaweza kujiletea balaa.

Majani ya chai nayo yana sifa. Kericho, Nandi na Murang'a huzalisha mmea uleule unaotoa chai ya kijani na chai nyeusi. Tofauti ni kwamba ya kijani haiachwi ioksidike, hivyo hubaki na polifenoli zake. Mwaka wa 2001 watafiti wa Alabama, Marekani, walipaka dondoo la chai ya kijani kwenye ngozi ya watu kisha wakaimulikia miale. Ngozi hiyo iliwiva wekundu kidogo kuliko ile isiyopakwa. Kenya yenyewe ilitoa mwaka wa 2011 aina ya chai yenye majani ya zambarau, TRFK 306/1, iliyojaa rangi asilia zenye uwezo wa kutuliza radikali huru. Ni kinywaji kizuri. Lakini kuwivisha ngozi wekundu na kuondoa baka lililokaa miaka mitano ni mambo mawili, na mfanyabiashara anayekuuzia majani ya chai kama dawa ya melasma amekimbia mbele ya ushahidi.

Dada yake katika orodha hii ni asidi ya azelaiki, ambayo hupatikana kiasili katika ngano na shayiri. Hutuliza radikali huru na kupunguza kazi ya tirosinasi kwenye seli zilizozidi. Huuzwa kwenye famasia kama krimu ya asilimia 20, na madaktari huiona kuwa salama hata kwa mama mjamzito, tofauti na dawa nyingi za mabaka. Huwasha kidogo siku za kwanza. Kama ningeulizwa na ndugu yangu mjamzito, ningemwambia azungumze na daktari kuhusu hii kwanza.

Vipi kuhusu manjano? Yana antioksidanti yenye nguvu kwenye chupa za maabara, lakini hupenya ngozi kwa shida na huacha rangi ya njano kwenye uso na kwenye kola ya shati. Na liwa ya Pwani? Ni urembo wa heshima na harufu nzuri, endelea kuipaka kama unaipenda, ila usiihesabu kuwa kinga ya jua.

NDIMU IWEKE KWENYE SUPU

Sasa turudi kwa ndimu. Maji ya ndimu yana asidi kali mno kwa ngozi ya uso. Hilo peke yake ni baya, lakini ubaya mkubwa umo kwenye kemikali nyingine ziitwazo furanokumarini, ambazo ziko kwa wingi katika maganda ya ndimu. Kemikali hizi zikiwa juu ya ngozi, miale ya UVA huziamsha nazo hushambulia seli. Siku moja au mbili baadaye ngozi huwa nyekundu, huuma, na wakati mwingine hutoa malengelenge kama ya moto. Yakipona huacha weusi unaoweza kukaa miezi mingi. Mtu amejipaka ndimu ili aondoe baka moja, naye anabaki na matatu, tena yenye umbo la vidole vyake mahali alipojipangusa.

Jambo hili huwapata hata wasiojipaka kwa makusudi, kama mtu aliyekamua ndimu nyingi kando ya bahari akiwa juani. Ukikamua ndimu, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka nje.

KILICHO SAHANINI

Chakula hakifuti baka, lakini huipa ngozi akiba ya kujikinga kutoka ndani. Watafiti wa Düsseldorf, Ujerumani, waliwapa watu gramu 40 za nyanya ya kopo kila siku pamoja na mafuta ya zeituni kwa majuma 10. Ripoti yao ya mwaka wa 2001 ilionyesha kwamba ngozi yao ilipomulikwa, wekundu ulikuwa pungufu kwa asilimia 40 ukilinganisha na wa watu ambao hawakula nyanya. Kinachofanya kazi ni likopeni, ile rangi nyekundu ya nyanya, na hufyonzwa vizuri zaidi nyanya ikipikwa na mafuta. Kwa bahati, hivyo ndivyo sisi tunavyopika karibu kila kitoweo. Kachumbari ni tamu, lakini kwa hili mchuzi unaishinda.

Kwa vitamini C, watu hukimbilia machungwa. Pera lina zaidi ya miligramu 200 katika kila gramu 100, na chungwa lina kama 53. Pera ni rahisi, linauzwa kando ya barabara, na watoto hulipenda. Sukumawiki nayo ina vitamini hiyo, lakini tuna tabia ya kuikatakata, kuiosha na kuichemsha hadi ipoteze rangi. Ioshe kabla ya kuikata na uikaange muda mfupi.

Tembe za antioksidanti ni habari nyingine. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walishiriki jaribio ambalo baadhi yao walipewa tembe za betakarotini, rangi ileile ya karoti. Matokeo yalipotolewa mwaka wa 1994, waliomeza tembe hizo walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Karoti haina lawama hapo. Kipimo kikubwa kilichotengwa na chakula chake ndicho kilichodhuru. Kama unavuta sigara, achana kabisa na tembe hizo.

KILE CHA KUOGOPA

Kwa nini tunasema haya yote kwa mkazo? Kwa sababu mwenye mabaka akikata tamaa ndiye mteja wa kwanza wa krimu za zebaki. Zebaki huzuia melanini upesi kweli, kisha hupenya hadi kwenye figo. Hili liligunduliwa hapa hapa Nairobi. Mwaka wa 1972 madaktari waliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu watu wazima wapatao 60 waliougua figo kwa namna ya kuvimba mwili na kupoteza protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mama mjamzito akizitumia, zebaki humfikia mtoto tumboni. Hata wanaokaa naye nyumba moja huipata kwenye taulo na matandiko.

Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa miaka bila daktari, huleta weusi wa bluu na vinundu, ugonjwa ulioelezwa na madaktari wa Afrika Kusini mwaka wa 1975. Weusi huo ni mgumu kuondoa kuliko baka la kwanza. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka wa 1998, lakini bado huingizwa kwa njia za panya. Soma kopo. Ukiona maneno "mercury", "calomel" au "mercurio", au onyo kwamba krimu isiguse dhahabu na fedha, iache hapo ulipoikuta. Kopo lisiloandikwa viungo vyake kabisa pia liache. Na kama krimu ya "mitishamba" inang'arisha uso kwa siku tano, shuku kwamba imetiwa steroidi kama clobetasol, ambayo hukondesha ngozi hadi mishipa ionekane.

UFANYE NINI BASI?

Jikinge kwanza. Bila kinga ya jua, antioksidanti ni kama kuchota maji kwa pakacha. Paka krimu ya kinga ya SPF 30 au zaidi kila asubuhi, iwe kuna mawingu au hakuna, na uirudie baada ya saa mbili kama uko nje. Nusu kijiko cha chai ndicho kiasi cha uso na shingo. Wengi hupaka robo ya hicho. Kofia yenye ukingo mpana ni bei nafuu na haiishi kama krimu. Mwuza mboga anayekaa juani kutwa atafaidika zaidi na mwavuli kuliko chupa ya vitamini C ya shilingi elfu tatu, na ni afadhali aanze na huo. Ndugu zetu wenye ualbino hawana ile akiba ya melanini, kwa hivyo kwao kinga ya jua ni suala la saratani, wala mimea isichukue nafasi yake.

Ukiwa na uwezo, ongeza vitamini C asubuhi chini ya kinga, au krimu yenye urukususu au asidi ya azelaiki. Anza na moja tu. Ijaribu kwanza nyuma ya sikio kwa siku tatu, maana mwasho wenyewe huacha weusi kwenye ngozi nyeusi. Usisugue uso kwa sukari wala jiwe. Ipe miezi mitatu. Tabaka la juu la ngozi hujibadilisha kwa muda wa mwezi hivi au zaidi kidogo, na baka lililozama chini huchukua muda mrefu zaidi. Mengine hufifia tu bila kwisha.

Si kila weusi ni wa jua. Weusi laini kama mahameli shingoni na kwapani huweza kuwa dalili ya kisukari kinachokuja. Ngozi iliyokauka na kuwa nyeusi shingoni kama mkufu, pamoja na kuharisha, huweza kuwa upungufu wa vitamini ya niasini kwa anayeishi kwa ugali pekee. Dawa kama doksisaiklini na baadhi ya zile za presha hufanya ngozi ichomwe na jua kwa urahisi. Na doa jeusi jipya kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha, linalokua au kubadilika, lipeleke kwa daktari juma hilo hilo. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka wa 1981 kwa saratani ya ngozi iliyoanzia kwenye kidole cha mguu.

Ukienda kliniki ya ngozi, beba makopo yote unayopaka, hata yale unayoona aibu kuyatoa, pamoja na majina ya tembe unazomeza. Nenda bila vipodozi usoni. Kama una picha yako ya mwaka jana, ichukue pia, ili daktari aone baka limetoka wapi na limefika wapi.